Makaroni ya sufuria moja na soseji: yakiharibika, angalia hapa kwanza

Chakula hiki kimeingia nyumba nyingi za Kampala kwa sababu inayoeleweka. Mtu anafika nyumbani saa mbili usiku, foleni ya magari imemmaliza, sigiri ni moja na makaa yamebaki kidogo. Hana nafasi ya kumenya matoke wala kuchambua maharage. Anatia soseji, mboga, makaroni na maji kwenye sufuria moja, na nusu saa baadaye watoto wanakula.

Mimi napika hivi mara nyingi, na majirani pamoja na vijana wa hosteli huniletea malalamiko yale yale: yamekuwa uji, yameungua, magumu katikati, soseji zimeyeyuka. Karibu yote yanatokana na jambo moja. Ukichemsha makaroni kwa njia ya kawaida unatia maji mengi kisha unamwaga, na makosa mengi yanaondoka na yale maji. Hapa hakuna kumwaga. Kila tone utakalotia litaliwa, pamoja na chumvi yake na wanga uliotoka kwenye makaroni. Kwa hiyo maji na moto ndivyo vitu vya kwanza kuchunguza.

Kipimo cha kuanzia

Huwezi kujua umekosea wapi kama hukupima. Watu wanne: makaroni gramu 400, soseji sita, kitunguu kimoja kikubwa, karoti mbili, pilipili hoho moja, nyanya nne zilizoiva, mafuta vijiko viwili vya mezani. Maji lita moja na robo, yaani chupa mbili na nusu za maji ya kunywa za nusu lita. Kila gramu 100 za makaroni zinataka mililita 300 hivi, mfuniko ukiwa umeegeshwa.

Mpangilio: kaanga soseji zilizokatwa, zitoe. Kaanga kitunguu, kisha karoti. Tia nyanya zilainike. Mimina maji yaliyokwisha kuchemka, tia makaroni, koroga. Hoho dakika tano kabla ya kuipua, soseji zirudi mwishoni.

Maji yameisha, makaroni bado magumu katikati

Hili ndilo naletewa kuliko yote.

Sababu ya kwanza ni maji yasiyopimwa. Watu wanakadiria kwa jicho, kama wali, lakini wali una mazoea ya miaka na makaroni hayana. Sababu ya pili ni sufuria pana iliyoachwa wazi: maji yanapaa kabla hayajanyweka. Ya tatu ni moto mkali, na hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kabale, iliyo karibu mita 2,000, yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Hata ukirundika makaa namna gani, maji yaliyo kwenye sufuria ya kawaida hayapandi juu ya hapo. Moto mkali hauyapi joto zaidi, unayakausha tu. Ndiyo maana dakika nane zilizoandikwa kwenye pakiti hazitoshi huku kwetu. Ongeza mbili au tatu Kampala, na zaidi kidogo Kabale au Kapchorwa. Mgeni kutoka Mombasa akipika kwa dakika alizozizoea kwao atasema makaroni ya Uganda ni mabaya, kumbe ni milima.

Cha kufanya: chukua moja, likate katikati kwa kisu. Ukiona kitone cheupe ndani, bado. Ongeza maji ya moto, nusu kikombe cha chai kwa mara moja, funika, punguza moto, subiri dakika mbili, onja tena. Maji yawe ya moto kweli. Ya baridi yanazima mchemko, na wakati sufuria inajikusanya upya makaroni yanalowa nje na kuwa kama gundi huku ndani ni yale yale.

Yamekuwa uji, au bonge moja

Haya yanafanana kwa macho lakini chanzo si kimoja.

Bonge linatokea mwanzoni. Makaroni yakiingia maji ya moto, wanga wa juu unayeyuka na kunata, na dakika mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Usipokoroga hapo, yanashikana, na baadaye kuyaachanisha ni kuyavunja. Spageti ndizo zinazosumbua zaidi kwa sababu zinalala sambamba. Zivunje mara mbili kabla ya kutia kama sufuria ni ndogo. Najua wapo wanaokasirika wakisikia hivyo, lakini kwenye sufuria ya kawaida ya nyumbani ni bora zilizovunjika kuliko nusu iliyobaki nje ya maji.

Uji unatokea mwishoni, na kwa kawaida mpishi alipika vizuri kisha akaacha. Makaroni yanaendelea kunyonya hata moto ukizimwa. Ipua yakiwa bado yanabishana kidogo na jino na mchuzi ukiwa mwingi kuliko unavyopenda. Dakika tano baadaye vitakutana katikati. Kama anayesubiriwa yuko bado njiani, usipike ukamaliza: andaa mpaka hatua ya nyanya, zima, makaroni utatia akifika.

Kama umefanya yote hayo na bado yanavurugika, tazama pakiti. Makaroni ya ngano ngumu, ile inayoitwa durumu, yana rangi ya njano ya kahawia na yanavumilia. Yanayotengenezwa kwa ngano laini ya kawaida ni meupe zaidi, bei yake nafuu, na yanapita kiwango haraka. Siyadharau, familia nyingi zinaishi nayo. Anza tu kuonja dakika ya sita badala ya ya tisa, na punguza maji kidogo.

Uji uliokwisha kuwa uji haurudi. Usiutupe: tia mayai mawili yaliyopigwa, kaanga kwenye kikaango kama chapati nene. Watoto wangu wanaupenda hivyo kuliko asili yake.

Chini pameungua, juu bado

Kwanza kabisa, usikoroge. Ukikwangua chini, ladha ya moshi inapanda kwenye chakula chote na hakuna kiungo kitakachoifunika. Ipua, chota cha juu taratibu uhamishie sufuria nyingine, acha kilichoshika chini kibaki huko. Onja. Kama hakina uchungu, ongeza maji ya moto, endelea.

Kisha tafuta sababu. Mara nyingi ni sigiri iliyojaa makaa yaliyowaka yote, maana sigiri haina kitufe cha kupunguza. Maji yakishachemka, ondoa makaa mawili matatu kwa koleo au funika mengine kwa majivu, na funga kidirisha cha chini kama kipo. Sababu inayofuata ni sufuria nyembamba za alumini: joto linapita mahali pamoja, hasa katikati. Zungusha sufuria kila baada ya dakika chache, na pitisha mwiko chini kabisa kila dakika mbili. Mwisho kuna nyanya ya kopo. Ni nzito, inazama na kushika chini. Ikaange kwenye mafuta dakika moja, kisha ichanganye na maji vizuri kabla makaroni hayajaingia.

Mchuzi mwepesi kama chai

Hili ni jepesi. Umetia maji mengi, au nyanya zilikuwa za msimu wa mvua zenye maji tu ndani. Fungua mfuniko, acha dakika tatu huku ukikoroga kwa nguvu. Kukoroga kunatoa wanga, na wanga unakamatisha mchuzi. Kama makaroni yameshaiva, ipua na usubiri. Usitie unga wa ngano mkavu, utapata madonge. Kijiko cha siagi ya karanga iliyolegezwa kwa maji ya moto kinafanya kazi nzuri, na kwa mdomo wa hapa kwetu kinakaa vizuri na soseji, ila uliza kwanza kama mezani pana mtu asiyeweza kula karanga.

Povu linafurika

Wanga unatengeneza povu, mfuniko uliobana unalisukuma juu. Egesha mfuniko uache nafasi ya kidole, na sufuria isijae zaidi ya theluthi mbili. Juu ya sigiri povu linaishia kuzima makaa na kukupandishia majivu. Juu ya gesi ni hatari: linaweza kuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Ukiona moto umezimika, funga kitufe, fungua dirisha, subiri harufu iishe kabisa ndipo uwashe tena.

Soseji

*Zimepasuka na kumwaga ndani.* Moto mkali, au zilitoka kwenye barafu zikaingia mafuta ya moto moja kwa moja. Zilale sehemu ya chini ya friji usiku mzima, au ziwe kwenye maji baridi zikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Zikaange kwa moto wa wastani.

*Zimeyeyuka kwenye mchuzi.* Soseji za bei ya chini zina unga mwingi na nyama kidogo, nazo zikichemka dakika kumi na tano zinarudi kuwa unga. Zikaange mpaka zifanye ganda la kahawia, zitoe, zirudishe dakika tatu za mwisho. Hata soseji nzuri zinafaidika hivyo: zikichemka muda wote zinakuwa kama mpira na ladha yake yote inahamia majini.

*Bado ni nyekundu ndani.* Hapa uwe mwangalifu. Soseji zenye chumvi ya kuhifadhia, naitriti, zinabaki na rangi ya waridi hata zikiiva, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Kata iliyo nene kuliko zote. Iliyoiva imekaza na majimaji yake ni meupe. Mbichi ni laini kama kinyunya na inanata kisuni. Mwenye kipimajoto cha nyama: za ng'ombe na nguruwe zifike nyuzi 71, za kuku nyuzi 74. Ukiwa na shaka, zirudishe motoni. Na ukialika wageni Waislamu, soma pakiti mpaka mwisho kabla ya kununua.

*Zinanuka au zinateleza.* Acha hapo. Usizioshe kwa limau, usiongeze viungo, usimpe hata mbwa. Kupika hakuondoi sumu zote ambazo bakteria wameshaziacha ndani ya nyama. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa bila kufunguliwa inatunza nyama saa nne hivi. Friza iliyojaa inashika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Soseji zilizotoka kwenye friza hiyo zikiwa bado na chembe za barafu unaweza kuzirudisha. Mimi niliwahi kununua pakiti kwenye duka fulani la mtaani, soseji zikiwa zimegandamana na kupinda, barafu imejaa kona moja ya pakiti. Hiyo ni dalili kwamba ziliyeyuka zikagandishwa upya. Sikuiona dalili hiyo mpaka nimefika nyumbani, na chakula cha watu sita kikaingia pipani. Tangu siku ile nageuza pakiti dukani.

Mboga

Karoti na maharage machanga yanayobaki magumu wakati makaroni yameiva: ama yamekatwa makubwa, ama yameingia pamoja na nyanya. Uchachu wa nyanya unachelewesha mboga kulainika. Kaanga karoti dakika nne na kitunguu *kabla* ya nyanya, na uzikate nyembamba kama shilingi.

Dodo (mchicha), sukuma wiki na nakati (majani ya jamii ya nyanya chungu) zinazogeuka rangi ya matope zimepikwa muda mrefu ndani ya uchachu huo huo, chini ya mfuniko. Zitie dakika tatu za mwisho, sufuria wazi. Nakati ina uchungu wake. Anayeipenda anaipenda, lakini kwa mtoto asiyeizoea anza na dodo. Biringanya linanyonya mafuta yote, kwa hiyo likaange kando au liache. Kabeji haina matatizo.

Chumvi imezidi, uchachu, ladha ya chuma

Soseji zina chumvi, unga wa mchuzi wa pakiti una chumvi, na mpishi anatia nyingine kwa mazoea. Maji yakipungua, chumvi inabaki. Kwa hiyo usitie chumvi yoyote mpaka dakika ya mwisho uonje. Ikishazidi, kiazi hakiivuti kama watu wanavyosema, kinanyonya mchuzi wenye chumvi tu. Kinachosaidia ni kuongeza chakula kisicho na chumvi: makaroni zaidi na maji ya moto, au kabeji nyingi. Au kigawe, kesho uchanganye na kingine.

Uchachu unatoka kwa nyanya ambazo hazijaiva au hazikukaangwa vya kutosha. Nyanya ziwe zimeachana na mafuta kabla ya maji kuingia. Robo kijiko cha sukari inatuliza.

Ladha ya chuma inakuja chakula chenye nyanya kikilala kwenye sufuria ya alumini. Uchachu unaila sufuria, ndiyo maana wakati mwingine unaona vitundu chini. Kipikie humo, lakini kilale kwenye bakuli la plastiki au la kauri.

Tatizo liko kwenye jiko lenyewe

Gesi ikitoa moto wa njano na kupaka sufuria masizi, hewa haitoshi. Jiko likiwa limezimwa na limepoa, toa kofia zake, zioshe, zibua matundu kwa sindano, zikauke kabisa. Moto ukirudi kuwa wa buluu, umemaliza. Ukibaki njano, mwite fundi wa gesi. Usifungue kitu kingine chochote.

Ukisikia harufu ya gesi huku jiko limezimwa, acha kupika. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza na vitanda. Funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usipige kiberiti. Toka na watu wote, na simu upige ukiwa nje. Mpira wa gesi ukiushuku siku nyingine, upake maji ya sabuni: mapovu yanaonyesha tundu. Usiufunge kwa mpira wa baiskeli wala gundi. Mpira unanunuliwa mpya, na wa kuufunga ni fundi au muuza gesi.

Mafuta yakishika moto: zima jiko, telezesha mfuniko juu, acha mpaka vipoe. Usimwage maji, usiikimbize sufuria nje. Moto ukishika pazia au ukuta, toka, piga 999 au 112. Aliyeungua awekwe chini ya maji safi ya bomba yasiyo na barafu kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala samli. Akiwa mtoto, au pameungua usoni, au panazidi kiganja chake, apelekwe hospitali.

Na sigiri. Mvua ikinyesha, watu wa chumba kimoja wanaiingiza ndani na kufunga mlango. Naomba kwa moyo wangu wote, msifanye hivyo, hata makaa yakionekana yamefifia. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na hasa mkiumwa wawili au watatu kwa pamoja, tokeni nje wote papo hapo na mwende hospitali. Chakula kiache.

Kiporo kimeharibika au kimewaumiza watu

Sababu kubwa ni sufuria iliyoachwa jikoni usiku kucha kwa nia ya kuipasha asubuhi. Kuna bakteria anayependa wali na makaroni, na sumu yake haifi kwa kupasha. Ubelgiji mwaka 2008 kijana wa miaka 20 alikufa kwa kula spageti zilizokaa siku tano bila friji. Kisa cha namna hiyo ni nadra, lakini kutapika usiku kucha si nadra.

Hamishia chakula kwenye chombo kipana kipoe haraka, kiingie friji ndani ya saa mbili, kiliwe ndani ya siku tatu. Ukipasha, ongeza maji kidogo na kichemke mpaka katikati patoe mvuke. Kama huna friji, pika kinachotosha tu: gramu 100 za makaroni kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto.

Aliyekula akatapika mara moja mbili kisha akatulia, mpe maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, yale ya pakiti ya duka la dawa, kidogo kidogo. Usimpe dawa ya kufunga tumbo kwa kubahatisha. Mpeleke kituo cha afya bila kusubiri kukuche akiwa na damu kwenye choo, homa kali, au macho ya njano, akishindwa kushika hata maji, akiwa mjamzito au mzee, au akiwa mtoto aliyelegea na asiyekojoa. Chukua na kipande cha chakula chenyewe kwenye mfuko, na umwambie daktari kililala wapi na kwa saa ngapi.